Kisiwa kwa Hesabu za Dobi

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa. Sebuleni kwangu, juu ya kochi nililolinunua kwa jasho langu!

Aliyenidhalilisha ni mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu. Yeye na mimi tumeoa nyumba moja. Undugu wetu unaanzia hapo na unaishia hapo hapo. Anauza bima za magari. Amekuja leo na mkewe, yaani shemeji, wamerudi jana kutoka Kisiwani, na wameleta picha kwenye simu. Rundo la picha! Mwanyumba ufukweni. Mwanyumba majini. Mwanyumba amelala mchangani, tumbo juu kama samaki aliyekufa. Miwani ya jua alikuwa nayo usoni mpaka ndani, akajikwaa kwenye zulia. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya ziara niliyoifurahia.

Nikasema picha nzuri. Nilijitahidi, Mungu shahidi. Basi akanigeukia: "Na wewe, Bwana Kamba, mama huyu utamtoa lini?"

Bwana Kamba! Ananiita hivyo kwa sababu ninaanika nguo kwenye kamba. Ndiyo, naanika. Nilianza udobi na beseni moja na ndoo ya kuazima. Leo nina mashine nne za kufulia, wafanyakazi sita, na nyumba tatu za wageni zinaniletea mashuka kila asubuhi. Kukausha nakausha kwa jua na upepo, na jua halijawahi kuniletea bili. Yeye alianzia wapi? Ofisini kwa baba yake. Amehama meza tu.

Ningemwambia hayo yote, lakini mke wangu aliniwahi. Yeye ni mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa huu walipigwa kofi la kwanza na mkono wake. Akasema, kwa sauti ile ya upole anayoitumia wodini mambo yakiwa mabaya, kwamba bado anaisubiri fungate yake. Juma la harusi yetu mimi nilikwenda kuchukua mashine ya kwanza, tukaahirisha. Mwaka wa ishirini na tatu huu tunaahirisha. Wageni wakacheka. Yeye hakucheka.

Walipoondoka akaniambia likizo yake ya mwaka huu hajaipangia mwezi. Nipange mimi, mwezi wowote niutakao. Ila nikiiharibu hii, basi safari nyingine ataenda na dada yake, na mimi nibaki nyumbani na kamba zangu.

Na yeye kamba! Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kuchagua mwezi ni hesabu tu, na kwa hesabu mtaa mzima unanijua.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kwa wakala wa safari nikiwa nimeugundua mchezo wao.

Ofisi yenyewe chumba kimoja, feni moja, bango la mnazi, na binti mwenye kucha ndefu asiyeweza kubonyeza kitufe kimoja bila kubonyeza viwili. Nikamuuliza wakati mzuri wa kwenda Kisiwani ni upi. Akaimba kama shairi la shule: mwezi wa kwanza na wa pili, kisha wa saba hadi wa tisa. Wa nne na wa tano usiende, mvua. Wa kumi na moja pia siyo, mvua.

Nikauliza bei. Hapo ndipo akili iliponifunguka. Miezi anayoisifia ndiyo yenye bei ya kuua mtu. Miezi anayoiponda, bei nusu! Nikamwambia, mwanangu, huoni kitu hapo? Hakuona. Nikamfafanulia: ukitaka watu wote wagombanie miezi mitano, unawatishia mvua kwenye hiyo mingine. Akasema, "Baba, mvua haipangwi ofisini." Nikamuuliza ameiona kwa macho yake. Akasema hajawahi kufika Kisiwani.

Hajawahi kufika! Anauza mahali asipopajua! Mimi sijawahi kumkabidhi mteja shati ambalo sijalinusa.

Nikachukua kijitabu chao cha matangazo, nikamwonyesha picha ya pale jaladani, jua linawaka, watu wanacheka, nikamuuliza imepigwa mwezi gani. Hajui. Nikamwambia inaweza kuwa imepigwa mwezi wa nne. Akasema inaweza kuwa imepigwa hata bustanini kwa bosi wake. Nilipoingia aliniita baba, nilipotoka ananiita mzee. Mlango nimeubamiza kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeulizia kila mahali na kila mmoja ana mwezi wake. Mtandaoni mmoja anasema Januari, mwingine Juni, wa tatu anasema mwaka mzima ni peponi, na huyo ana hoteli. Mtabiri wa hali ya hewa wa kwenye runinga simtaki hata kumsikia. Juma lililopita alisema jua kutwa. Nikaanika mashuka ya nyumba zote tatu za wageni. Saa nane mchana nikawa nayaanua mbio huku maji yakinitiririka mgongoni. Yeye hajatoka kuomba radhi mpaka leo. Tai yake imenyooka tu.

Sasa, nani duniani anaijua hali ya hewa kwa kweli? Nimekaa uani nikijiuliza swali hilo, shuka la kitanda kikubwa likinipepea usoni. Na jibu likanipiga kofi hilo hilo.

Dobi!

Hoteli yoyote ina dobi. Dobi yeyote anajua shuka lake linakauka kwa muda gani, mwezi kwa mwezi, maana ndiyo maisha yake. Watu watakudanganya kuhusu mvua. Shuka halina haja ya kumdanganya mtu.

Fundi wangu wa pasi, mama mtu mzima aliyenizoea kupita kiasi, akasema si nipige tu simu niulize kama mwezi huo kunanyesha. Nimemwambia hilo ni swali la watu wa kawaida. Akasema, haya bosi, akarudi kwenye kola zake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata! Na nilichokipata kwake kitawatoa watu jasho.

Nilipiga hoteli kubwa kuliko zote kule. Mapokezi wakanipeleka jikoni. Jikoni wakanipeleka kwa mtu wa bustani. Mtu wa bustani akanirudisha mapokezi, wakauliza kama nina malalamiko kuhusu mashuka. Nikasema sina malalamiko, nina swali, na nipeni dobi kabla sijapata malalamiko.

Akaja. Mtu mzima, sauti ya taratibu, nyuma yake mashine zinanguruma mpaka ikabidi tupigiane kelele. Tulielewana papo hapo. Na yeye ana wageni wanaofutia viatu kwa taulo nyeupe. Na yeye anaamini mtu wa namna hiyo apigwe marufuku kusafiri. Nikamwambia, kaka, shuka la kitanda kikubwa, mwezi wa kwanza, kwako linakauka kwa muda gani? Akasema dakika arobaini. Wa pili? Arobaini. Na wa nne, huo wanaouogopa watu?

"Arobaini, kaka. Labda na tano juu yake likiwa zito."

Hapa kwangu, siku ya jua kali na upepo mzuri, shuka kama hilo haliko chini ya saa moja na nusu! Maana yake siku mbovu ya Kisiwani ni bora mara mbili kuliko siku nzuri ya kwetu. Na dunia nzima inalipa bei ya kuua ili ilikwepe wingu ambalo halipo!

Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema utafiti. Akasema hongera.

Jumanne, 11 Machi

Nimekata tiketi. Aprili, siku za mwisho mwisho, bei nusu, chumba kinachotazama bahari kwa bei ya kinachotazama jiko. Binti wa kucha aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha akanisainisha kwamba hela hairudi hata kukinyesha mawe. Nikasaini kwa mbwembwe, nikapiga na mstari chini ya jina.

Mke wangu nilimkuta amevua viatu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Zamu ya leo ilikuwa ya mapacha, jozi mbili. Nikamwambia: mwezi wa nne. Akauliza nani kaniambia mwezi wa nne. Nikasema mtaalamu. Akauliza mtaalamu wa nini. Nikasema ni mtu anayeishi huko huko na riziki yake inategemea jua. Akanitazama kama anavyomtazama mwanamke anayesema uchungu bado. Halafu akasema sawa. Alisema nilipewa mimi kuchagua, na yeye si mtu wa kurudi nyuma.

Jioni alikwenda madukani, akarudi na gauni la njano. Sijawahi kumwona na njano. Amelijaribu mara mbili, mlango umefungwa.

Mwanyumba alipopata habari alinipigia. Alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akanitangazia bima ya safari. Nimemkatia simu. Wivu tu! Alilipa bei ya kuua, ndiyo maana.

Alhamisi, 24 Aprili

Kisiwani. Chumbani. Siandiki kwa furaha.

Ndege ilikuwa ndogo na abiria tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na fundi pampu aliyeitwa na hoteli kwa dharura. Sikumuuliza dharura gani. Nilidhani ni adabu kutouliza.

Tulishuka kwenye mvua. Nikamwambia mke wangu ni wingu la kupita. Dereva wa hoteli akasema, "Linapita tangu Jumatano ya juma lililopita, mzee." Nani alimuuliza! Barabara ilikuwa inatiririka kuliko mto. Hotelini ukumbi wa chakula umefungwa kwa kukosa wageni, tunakula kwenye meza moja karibu na mapokezi, sisi na fundi pampu. Bwawa la kuogelea limejaa mpaka limekutana na bustani. Boti zote zimepandishwa juu. Ufukwe, wanasema, upo.

Chumba kinatazama bahari, sikatai. Kinatazama kitu cheupe ambacho nyuma yake kuna bahari. Mke wangu alivaa lile gauni, akasimama dirishani muda mrefu. Kisha akauliza, bila kugeuka, huyo mtaalamu wangu yuko wapi.

Nimesema yupo hapa hapa hotelini. Kesho ananieleza!

Ijumaa, 25 Aprili

Mwongo! Mlaghai! Mzushi mkubwa!

Nimemfuata chini, nyuma ya jiko. Mtu mfupi, taulo begani, akafurahi kuniona kama ndugu aliyepotea. Nikamwambia furaha baadaye, kwanza nionyeshe kamba zako. Akauliza, "Kamba za nini?"

Za nini! Nikasema za kuanikia. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha joto, na humo ukutani nikaona mashine mbili, kubwa kama kabati la nguo, zina madirisha ya duara, na mashuka ndani yanapinduka pinduka. Za kukaushia. Akapiga moja kofi la mgongoni kama anayempongeza mtoto. Dakika arobaini, akasema. Jua, mvua, tufani, yeye hana habari. Tangu aanze kazi hapo hajawahi kuangalia juu.



Nikamwambia amenidanganya. Akasema nilimuuliza kwa muda gani, sikumuuliza wapi. Nikamwambia anayekausha kwa moto si dobi, ni mwokaji mikate. Akasema afadhali mwokaji mikate kuliko mtu anayeishi shingo juu akiomba wingu liondoke. Nikamwambia mashuka yake yananuka chuma. Akasema yangu bila shaka yananuka kunguru. Tukaachana kwa ubaya.

Na la kuniuma zaidi: mashine hizo zinakula umeme! Saa zote! Nimepiga hesabu kichwani nikipanda ngazi na nimehuzunika kwa niaba ya mwenye hoteli.

Mke wangu nimemwambia mtaalamu ni mgonjwa. Akauliza anaumwa nini, labda anaweza kusaidia. Nikasema macho.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku nzuri kuliko zote za likizo hii, na imeniishia kwa hasira. Sielewi watu.

Alfajiri radi ilipiga, umeme ukakatika. Jenereta ya hoteli inatosha jiko na taa. Mashine za kukaushia kimya! Baada ya chai mlango ukagongwa. Alikuwa nani? Mwokaji mikate. Taulo mkononi, siyo begani. Mashuka mabichi yamefika kiunoni, kesho kuna ujumbe wa serikali unakuja kukagua barabara iliyobomoka, vitanda havina kitu. Akakohoa. Akasema, "Kaka, wewe si mtu wa kamba?"

Nilimwacha asimame pale kidogo. Kisha nikakunja mikono ya shati.

Nilifunga kamba ukumbi mzima wa chakula, nguzo hadi nguzo, nikafungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite katikati. Nikawafundisha wanaotandika vitanda: pindo kwa pindo, usikunje shuka juu ya kamba, vibanio kila pembe na kimoja katikati, acha tumbo lipumue. Mmoja akasema hajawahi kumwona mzee mwenye raha hivi. Dobi wa hoteli alikuwa ananishikia ngazi bila neno! Nilisahau kula. Nilisahau mvua.

Mvua yenyewe, kumbe, ilikatika. Saa tisa hivi nikaona ukumbi umejaa mwanga, mashuka yote yanawaka meupe, na mke wangu amesimama mlangoni na gauni lake la njano, viatu mkononi. Akasema jua limetoka. Akasema twende, tuwahi, bahari imekuwa ya buluu.

Nilikuwa juu ya ngazi, vibanio mdomoni. Nikamwambia anishikie pembe ya shuka, namalizia mstari huu mmoja tu.

Hakushika. Akageuka, akaenda ufukweni. Nikamaliza mstari. Halafu kamba ya dirishani ikalegea, ikabidi niikaze, na huwezi kukaza moja bila kukaza ya pili. Nilipofika ufukweni nilimkuta anarudi, gauni limeloa hadi magotini, na wingu limeshafunga tena. Matone yakaanza hapo hapo, makubwa, ya dharau.

Nikamwambia, unaona sasa? Jua lilitoka! Mwezi wa nne una jua, nilisema!

Akasema ndiyo, lilitoka. Aliliona. Peke yake.

Basi akapita. Ningefurahi kujua kosa langu ni lipi hapo. Alitaka jua, jua lilitoka. Na mashuka hayakukauka, mpaka saa hizi ni majimaji, kwa hiyo hakuna aliyepata hasara kuliko mimi.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumerudi nyumbani.

Wakati wa kuondoka meneja alinishika mkono kwa mikono miwili. Umeme ulirudi Jumamosi jioni, wageni wake wa serikali wakalala pakavu, lakini akasema hatasahau nilivyojitoa. Akatupa ofa: tukirudi mwezi wa saba, siku mbili bure, chumba kile kile. Nikamwambia asante, lakini mwezi wa saba ni wa watu wasiojua hesabu, mimi siwezi kuonekana humo. Akabaki na mkono hewani.

Nilipogeuka mke wangu alikuwa nyuma yangu na mkoba wake. Sijui alisikia kiasi gani. Ndani ya ndege alikaa na fundi pampu, wakaongea mambo ya miguu kuvimba. Mimi nilikaa na masanduku.

Jumapili, 15 Juni

Mwanyumba tena! Mchana mzima nyumbani kwangu, anakula chakula changu na miwani juu ya paji la uso.

Wanarudi Kisiwani. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, na safari hii shemeji amepanga nyumba nzima, vyumba vya kutosha. Amemwambia mke wangu aje. Amesema na mimi nije, nafasi ipo, tusiwekeane kinyongo. Mwanyumba akaongeza, "Njoo, Bwana Kamba, sisi huko nguo tunavua, hatuaniki." Akajichekea peke yake.

Eti niende mwezi aliouchagua yeye! Nikae kando yake, jua likiwaka, aniangalie kila asubuhi na ile sura ya "si nilikwambia"! Bora nilale ndani ya mashine ya kufulia.

Mke wangu aliningojea mpaka wageni wakaondoka. Alikuwa anakausha sahani. Akasema ataniuliza mara moja tu: twende? Twende na watu, mwezi unaojulikana, jua linalojulikana, nikae naye mchangani bila kazi yoyote mkononi. Hana haja ya bei nusu, alisema. Ana haja ya mtu wa kukaa naye.

Nilimwambia anipe muda kidogo, mwezi wetu wenyewe nitaupata, safari hii bila makosa. Kosa la kwanza halikuwa la hesabu. Hesabu ilikuwa safi. Lilikuwa la shahidi.

Akasema, "Haya." Akaning'iniza kitambaa, akaenda kulala. Mwanamke mwelewa sana huyu ukimweleza vizuri.

Jumatano, 2 Julai

Nimeupata!

Shida ya dobi ilikuwa mashine. Basi nikajiuliza: nani anaishi kwa mvua ambaye hakuna mashine inayoweza kuingia kati yake na wingu? Muuza miavuli! Kule Kisiwani nilinunua mwavuli uwanja wa ndege, na kwenye mpini kuna namba ya simu ya duka. Nikapiga. Na safari hii sikudanganyika: kitu cha kwanza nilimuuliza kama anatumia mashine yoyote. Akasema hapana, ni yeye na kiti tu.

Nikamwambia, ndugu yangu, mwezi gani unauza miavuli michache kuliko yote? Hakufikiri hata kidogo. Akasema wa kumi na moja. Nikauliza michache kiasi gani. "Hata mmoja," akasema. "Mwezi wa kumi na moja siuzi hata mmoja."

Hata mmoja! Mwezi ambao kila wakala anautangaza kuwa wa mvua! Na bei yake nusu! Akaanza kunieleza habari za familia yake, kwamba mwezi huo kila mwaka hufunga duka akaenda kumtunza mama yake bara, lakini mambo ya nyumbani kwa mtu mimi huwa siingilii. Nikamshukuru, nikaenda mbio kwa binti wa kucha. Tiketi mbili. Hairudi hela. Nimesaini kabla hajasema.

Jumamosi, 5 Julai

Ushindi, hatimaye!

Nimempa tiketi yake asubuhi, juu ya meza, chini ya kikombe, kwa mshangao. Akaisoma. Akausoma mwezi. Akanitazama sana, muda mrefu, kisha akanishika shavu, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka huu uanze. Akasema mimi sibadiliki. Nikasema ahsante.

Halafu, na hili ndilo nataka kuliandika vizuri ili nilisome siku nikikata tamaa, akaenda moja kwa moja chumbani akaanza kufunga sanduku. Miezi minne kabla! Hiyo ndiyo furaha ya mtu aliyepangiwa safari na mwenye akili. Mwanyumba aone! Wao wanaondoka leo, watalipa kila kitu bei ya kuua, na watarudi na zile zile picha za tumbo.

Aliniomba nimteremshie sanduku mpaka mlangoni. Nimelibeba mwenyewe. Zito, lakini sikulalamika, nikamshauri tu kwamba mwezi wa kumi na moja hakuna haja ya koti.

Nje shemeji anapiga honi. Amekuja kuaga, nimekiri moyoni kwamba angalau yeye ana adabu. Mke wangu ametoka kumsindikiza. Ametoka na sanduku.

Nadhani anataka kumwonyesha.